UJENZI: Kaunta ya rangi kali haifichi kazi duni ya fundi

MTU anayejenga nyumba mtaani Skuta, mjini Nyeri, au katika miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya kama vile Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, hufika mahali akalazimika kuamua jambo moja kuhusu jiko lake: Je, kaunta itengenezwe kwa kitu gani?

Majibu ya mazoea yanajulikana. Wapo wanaomwaga zege na kulimalizia kwa terazo au vigae, wapo wanaoagiza graniti, na wapo wanaotosheka na mbao zilizofunikwa kwa formika.

Jibu jingine, ambalo halijazoeleka sana, ni bao la akriliki. Bao hili hupatikana kwa rangi ambazo jiwe la asili halina: nyekundu ya damu, chungwa, manjano, kijani kibichi na samawati. Linafaa jikoni, lakini pia hutumiwa kwenye kaunta za mapokezi katika hoteli, saluni, kliniki na maduka.

Bidhaa hii huja na ahadi ambayo graniti na vigae haviwezi kutoa. Fundi hodari anaweza kuunganisha mabao mawili hadi jicho likashindwa kutambua yalikokutana. Ahadi hiyo hutimizwa bila taabu kubwa iwapo bao ni jeupe au lina madoadoa. Bao likiwa na rangi moja kali, kazi hubadilika na kuwa mtihani, na wengi wanaoufeli hufanya hivyo wakati mwenye nyumba ameshalipa pesa zote.

Makala haya yanaeleza jinsi maungio ya kaunta za aina hiyo yanavyofanywa na kumaliziwa, ili mwenye nyumba ajue anacholipia, naye fundi ajue mahali ambapo kazi huharibikia.

Bao hili ni nini hasa?

Wengi huliita Corian, sawa na vile watu huita kila sabuni ya unga Omo. Corian ni jina la biashara la bidhaa ya kwanza ya aina hii, iliyobuniwa mwaka 1967 katika kampuni ya DuPont ya Marekani na mwanakemia Donald Slocum. Baadaye kampuni nyingine, zikiwemo za Korea Kusini na China, zilianza kuunda mabao yanayofanana nayo kwa majina tofauti.

Kwa makadirio, theluthi moja ya bao ni akriliki, na theluthi mbili ni unga laini wa madini ya alumini unaotokana na boksiti. Rangi huchanganywa humo kabla ya bao kuganda. Kwa hivyo, tofauti na formika ambayo rangi yake ni ngozi ya juu tu, bao hili lina rangi ile ile toka juu hadi chini. Likikwaruzika hupigwa msasa na kurudia hali yake.

Unene wa kawaida ni milimita 12. Bao zima huwa na upana wa takriban sentimita 76 na urefu wa mita 3.6 hivi, na uzito wake hukaribia kilo 60. Jiko lenye umbo la herufi L haliwezi kufunikwa kwa bao moja la vipimo hivyo. Lazima pawe na kiungo mahali fulani.

Kwa nini rangi kali ni mtihani?

Wakazi wa miji ya Mlima Kenya hawahitaji kufundishwa somo hili upya. Wengi wamelelewa katika nyumba zenye sakafu za saruji nyekundu zilizosuguliwa kwa nta hadi zikang'aa. Anayezijua sakafu hizo anafahamu kwamba fundi akimwaga nusu leo na nusu kesho, mstari huonekana miaka yote. Sakafu ya kijivu ingeuficha mstari huo, lakini sakafu nyekundu huutangaza.

Mafundi wa terazo walikwepa tatizo hilo kwa kuweka vipande vyembamba vya kugawanya sakafu, ili mstari uwe pambo. Mafundi wa graniti nao hujaza kiungo gundi inayokaribiana na rangi ya jiwe, na hakuna mteja anayetarajia kiungo hicho kipotee kabisa. Fundi wa akriliki hana pa kujificha kwa sababu ameahidi kisionekane.

Sababu ya kisayansi ni nyepesi kueleweka. Mkwaruzo wowote mdogo hutawanya nuru, na nuru iliyotawanywa huonekana nyeupe. Mkwaruzo mweupe juu ya bao jeupe hauonekani. Juu ya bao jekundu, la samawati iliyoiva au jeusi, huonekana kama uzi wa chokaa. Vivyo hivyo ukingo uliomeguka kidogo kwa msumeno butu, kiputo cha hewa ndani ya gundi, au chembe ya vumbi iliyonaswa kwenye kiungo.

Ni kwa sababu hii watengenezaji wenyewe huonya kuwa rangi zilizoiva hudhihirisha mikwaruzo, vumbi na alama za maji kuliko rangi hafifu. Mteja anafaa kuambiwa hayo kabla ya kuchagua.

Kazi huanzia dukani

Kosa la kwanza hutokea kabla msumeno haujawashwa. Mabao hutengenezwa kwa mafungu, na rangi ya fungu moja huweza kutofautiana kidogo na ya fungu jingine hata kama jina la rangi ni lile lile. Tofauti hiyo haionekani mabao yakiwa mbalimbali, lakini yakikutanishwa, nyekundu mbili huwa mbili kweli.

Nyeri iko takriban kilomita 150 kutoka Nairobi. Fundi anayenunua bao moja huko, kisha akagundua wiki mbili baadaye kwamba alihitaji moja na nusu, hulazimika kugharamia safari nyingine, na huenda fungu la awali likawa limekwisha. Kwa hivyo vipimo vichukuliwe kabati zikiwa zimeshawekwa, hesabu ifanywe pamoja na akiba, na mabao yote yanunuliwe kwa mara moja.

Namba ya fungu huchapishwa kwenye bao au kwenye karatasi inayoandamana nalo. Mnunuzi aziangalie zilingane, kisha aombe mabao yasogezwe karibu karibu nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana. Taa za dukani hudanganya macho.

Gundi inunuliwe pale pale. Gundi ya kazi hii si silikoni wala gundi ya mbao. Ni gundi ya akriliki ya sehemu mbili, yaani gundi yenyewe na kigandishaji chake, na hutengenezwa kwa rangi zinazolingana na mabao. Ikishaganda huwa karibu kitu kimoja na bao. Tarehe ya kuharibika iangaliwe, kwani gundi iliyopitwa na wakati huganda vibaya au haigandi kabisa.

Usafiri nao una kanuni zake. Mabao yasimamishwe kwa ukingo na kufungwa imara, yasilazwe juu ya mizigo mingine. Bao lililolazwa juu ya kitu kisicho sawa huweza kupasuka gari likirukaruka kwenye matuta.

Kiungo kiwekwe wapi?

Kabla ya kukata, fundi achore mchoro wa kaunta na kuonyesha maungio yote. Mwenye nyumba auone na kuukubali.

Kiungo kisipite juu ya tundu la sinki wala tundu la jiko. Hapo bao ni jembamba, hubeba uzito, hupata joto na maji, na ndipo panapopasuka kwanza. Kiungo kikae angalau sentimita 8 kutoka kwenye tundu.

Katika jiko lenye umbo la L, mafundi waliozoea fremu za picha hupenda kukata mshazari kutoka pembe hadi pembe. Njia hiyo hurefusha kiungo na kupoteza bao. Ni afadhali kiungo kiwe mkato ulionyooka, kiwe kando ya pembe ya ndani na si pembeni penyewe. Pembe hiyo ya ndani, pamoja na pembe zote za matundu, izungushwe kidogo, maana pembe kali ndiyo chanzo cha nyufa nyingi.

Aidha, kaunta isibanwe kutoka ukuta hadi ukuta. Akriliki hupanuka na kunywea kwa joto kuliko jiwe. Bao la mita 3.6 likipata mabadiliko ya nyuzijoto 20 huweza kubadilika kwa takriban milimita 2.5. Nafasi ya milimita 3 iachwe ukutani na kuzibwa kwa silikoni, la sivyo mvutano wote utaangukia kiungo.

Baridi ya Julai

Kuna jambo ambalo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwingineko hulitaja kwa juujuu, lakini kwa fundi wa Nyeri ni la kufa na kupona. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki uko juu zaidi. Kati ya Juni na Agosti ukungu hutanda, na asubuhi nyumba isiyo na madirisha huwa baridi kama pango.

Gundi ya akriliki hupendelea joto la chumba, kati ya nyuzijoto 18 na 25. Katika joto hilo, kwa kawaida fundi huwa na dakika chache tu za kuipanga kabla haijaanza kukaza, na kiungo huweza kupigwa msasa baada ya saa moja hivi. Kwenye baridi gundi huchelewa kuganda, na fundi mwenye haraka huanza kuisugua ikiwa bado laini ndani. Matokeo yake ni kiungo kinachodidimia siku kadhaa baadaye na kuacha mfereji mwembamba unaonasa uchafu.

Unyevu ni adui wa pili. Bao lililolala kwenye gari usiku kucha, likiingizwa chumbani asubuhi, huweza kutoa jasho. Gundi haishiki juu ya umande.

Dawa yake ni subira. Mabao na gundi vilazwe ndani ya nyumba hiyo siku moja kabla. Madirisha yawe yamewekwa vioo. Kazi ya gundi ifanywe kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na kiungo kipewe muda mrefu zaidi kabla ya kuguswa.

Lililo muhimu kuliko yote ni kwamba jiko la makaa lisiingizwe chumbani ili kupasha gundi joto. Mvuke wa gundi hii hushika moto kwa urahisi. Vilevile, makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wamewahi kupoteza maisha kwa njia hiyo. Taa ya umeme yenye joto, ikiwekwa mbali na gundi, inatosha.

Hatua za kuunganisha

Kwanza, kingo. Msumeno hukata bao lakini hauandai kiungo. Baada ya msumeno, mabao mawili huwekwa yakielekeana na kubanwa, kisha mashine ya kuchonga kingo, ambayo mafundi huiita rauta, hupitishwa katikati mara moja ikifuata rula iliyonyooka. Ikitokea mashine imeyumba, imeyumba kwa kingo zote mbili, nazo huendelea kuingiana. Kisu chake kiwe kikali, kwa kuwa kisu butu huacha meno meupe ambayo gundi ya rangi haiyafichi.

Pili, jaribio kavu. Mabao yasukumwe pamoja bila gundi na tochi iwashwe kwa chini. Mwanga ukipenya mahali popote, kingo zirudiwe. Gundi si zege la kujazia mashimo. Kiungo kinachotegemea gundi nene kitaonekana tu.

Tatu, usafi. Kingo zipanguswe kwa spiriti na kitambaa cheupe kisicho na rangi ya kuchuja. Baada ya hapo zisiguswe kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi yanatosha kuacha doa. Fundi aliyetoka kukata bao la rangi nyingine abadilishe kitambaa na kufagia meza, maana vumbi jekundu likiingia kwenye kiungo cheupe, au jeupe kwenye chekundu, halitoki.

Nne, gundi ijaribiwe kwenye masalio. Vipande viwili vidogo viunganishwe, viachwe vigande, kisha vipigwe msasa hadi kiwango kile kile cha mng'aro kilichokusudiwa. Hapa mafundi wengi hukosea. Rangi huonekana kukolea kadiri bao linavyong'arishwa, kwa hivyo kulinganisha gundi na bao ambalo halijamaliziwa hakuthibitishi lolote. Kaunta ikiwa na rangi mbili zinazokutana, gundi za rangi zote mbili zijaribiwe kabla ya kuamua.

Tano, gundi yenyewe. Sehemu ya kwanza inayotoka kwenye bomba imwagwe kando, kwa kuwa huenda haijachanganyika sawasawa. Mabao yaachwe na nafasi ya milimita 2 au 3, gundi ijazwe bila kukatika toka mwanzo hadi mwisho, kisha yasukumwe pamoja hadi gundi ifurike kidogo juu. Hapa ndipo inapofaa kauli ya wahenga kwamba ngozi ivute ingali maji. Gundi ikianza kukaza, hakuna tena la kurekebisha.

Sita, kubana. Klampu zikaze kwa kiasi tu. Fundi anayekaza kwa nguvu zake zote hudhani anaimarisha kiungo, kumbe anaikamua gundi yote. Kiungo kilichokamuliwa ni dhaifu na huacha mstari mweupe kama unywele.

Saba, subira. Gundi iliyofurika isipanguswe ikiwa mbichi. Gundi hunywea inapoganda, na ile ya juu ndiyo inayofidia. Iachwe mpaka ukucha ukibonyezwa hauachi alama. Ndipo iondolewe kwa mashine, tuta likipunguzwa taratibu hadi karibu na uso wa bao. Kuibandua kwa patasi ni hatari kwa sababu huweza kung'oa gundi iliyo ndani ya kiungo.

Chini ya kiungo, kipande cha bao hilo hilo chenye upana wa sentimita 10 hubandikwa kwa urefu wote. Mteja hatakiona kamwe, lakini ndicho kinachozuia kiungo kufunguka mtu akiegemea kaunta au akitua debe la maji juu yake.

Kupiga msasa

Umaliziaji una kanuni moja kuu: kila msasa una kazi ya kufuta alama za msasa uliotangulia. Fundi anayeruka namba hukuta mikwaruzo ya namba 120 ikimwangalia chini ya mng'aro wa namba 600, na hapo hana budi kurudi mwanzo.

Mfuatano unaofaa ni kuanzia namba 120 au 150 kwenye kiungo, kisha 180, 240, 320 na 400. Anayetaka mng'aro zaidi huendelea na 600, 800 na 1,000, kisha dawa ya kung'arisha kwa kitambaa laini. Kila namba ipitishwe kwa urefu, halafu kwa upana. Kati ya namba moja na nyingine, kaunta ipanguswe kabisa, kwa sababu chembe moja ya msasa wa awali inatosha kuharibu kazi ya saa nzima.

Mashine inayofaa ni ile ya duara inayozunguka huku ikitikisika. Isikandamizwe wala kusimamishwa mahali pamoja, la sivyo itachimba bonde. Bonde hilo halihisiwi kwa mkono, lakini juu ya rangi kali yenye mng'aro taa ya dari huonekana imepinda hapo.

Jambo linalowashinda wengi ni hili: haitoshi kupiga msasa kwenye kiungo pekee. Sehemu hiyo itang'aa tofauti na kwingine na kuonekana kama kiraka kwenye shati, hata kama kiungo chenyewe hakionekani. Kwa bao la rangi kali, kaunta nzima imaliziwe kwa namba zile zile kutoka ukingo hadi ukingo. Stima ikipotea katikati ya kazi, ni heri kungoja irudi kuliko kumalizia sehemu iliyobaki kwa mkono.

Kuhusu kiwango cha mng'aro, wateja wengi huomba kaunta ing'ae kama kioo. Kwa kaunta ya mapokezi hilo linawezekana. Kwa jiko ambamo sufuria huburutwa kila siku, bao jekundu lenye mng'aro wa kioo litaanza kuonyesha mikwaruzo mapema. Mng'aro wa kadiri, unaoishia namba 400 au 600 na kusuguliwa kwa kitambaa cha nailoni, ndio unaodumu na ndio ambao mwenye nyumba anaweza kuurudisha mwenyewe.

Vumbi si unga wa ugali

Kazi hii hutoa vumbi jingi na laini mno. Ni kweli kwamba bao la akriliki halina tatizo kubwa la silika kama lile la mawe ya kutengenezwa kwa kwatzi, ambayo Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024 baada ya vijana wengi wanaoyakata kuugua mapafu. Hata hivyo, hilo halimaanishi kwamba vumbi la akriliki ni salama. Mwaka 2014 madaktari nchini Marekani waliripoti katika jarida la kitabibu kisa cha mtu aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika vumbi la Corian, ambaye mapafu yake yaliota makovu.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la aina hii. Fundi na msaidizi wake wavae barakoa za kuchuja vumbi zinazoshika uso vizuri, mashine iunganishwe na kifyonza vumbi, na panapowezekana msasa wa maji utumiwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwalinda wanaomfanyia kazi. Mafunzi wanaojifunza kwa kusimama kando ya mwalimu wao ndio wanaopumua vumbi kwa saa nyingi zaidi, kwa kuwa kusugua huachiwa wao.

Watoto na wenye pumu wasiwe nyumbani siku hiyo.

Ukaguzi kabla ya malipo ya mwisho

Mkataba mfupi ulioandikwa huwafaa wote wawili. Uonyeshe jina la bao, namba ya fungu, mahali pa maungio, kiwango cha mng'aro na kiasi cha pesa kitakachosubiri ukaguzi. Kwa kuwa kiungo kinaweza kudidimia siku kadhaa baada ya kazi, ni busara ukaguzi wa mwisho ufanywe baada ya wiki moja.

Siku hiyo mwenye nyumba afanye mambo matano.

Mosi, asimame mahali pa kawaida, hatua moja au mbili kutoka kwenye kaunta, mchana, na kuitazama kwa jumla. Kiungo kisionekane.

Pili, apitishe ukucha juu ya kiungo akiwa amefumba macho. Ukucha usikwame.

Tatu, alaze tochi juu ya kaunta ili mwanga wake uteleze juu ya bao. Mizunguko ya msasa, mabonde na viraka vitajitokeza.

Nne, ainame kabatini na kuangalia iwapo kipande cha kuimarisha kipo chini ya kila kiungo.

Tano, ainyunyizie kaunta maji kidogo, aache dakika chache, kisha apanguse. Mstari unaobaki na unyevu ni ufa.

Kwa upande wake, mteja naye awe mwadilifu. Mstari hafifu unaoonekana tu kwa tochi na pua ikigusa kaunta si sababu ya kumnyima fundi jasho lake.

Matunzo

Akriliki si jiwe. Sufuria ya githeri iliyotoka motoni isitulizwe juu yake bila kibao, hasa karibu na kiungo. Nyama na mboga zikatwe kwenye ubao wake. Maji yapanguswe kabla hayajakauka, zaidi kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kwa kuwa chumvi huacha madoa meupe yanayoonekana sana kwenye rangi iliyokolea.

Mikwaruzo midogo huondolewa kwa kitambaa cha nailoni na sabuni ya maji, ikisuguliwa kwa mizunguko mipana na si mahali pamoja. Mikubwa iachiwe fundi, naye arejelee namba zile zile za msasa alizotumia mwanzoni. Ndiyo maana namba hizo zinafaa kuandikwa katika mkataba.

Hatimaye, masalio ya bao yasitupwe wala kuachiwa fundi. Mwenye nyumba aviweke vipande viwili vitatu ndani ya kabati la sinki, pamoja na karatasi yenye namba ya fungu. Siku kaunta itakapomeguka au kuungua, kiraka cha rangi hiyo hiyo hasa hakitapatikana katika duka lolote, liwe la Nyeri au la Nairobi, isipokuwa kwenye kabati hilo.